Marehemu Kadi na Kinywa cha Mjomba

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakubwa na wadogo, waliokaa na waliosimama, kwamba Mheshimiwa, kijana msomi wa shule ya bweni, nguzo ya ukoo na tegemeo la wajomba wote, ameteuliwa kuongoza msafara wa kwenda kuchagua memori kadi mpya ya kamera, yenye kasi isiyo na mfano na uimara usio na mpinzani. Uteuzi huu unaanza mara moja.

Kwa maneno mengine, alikuwa ametumwa dukani. Na kwa kuwa mjomba wake alimjua vizuri, alikuwa ametumwa pamoja na dada yake ili amchunge.

Jina la Mheshimiwa alilipata bwenini, kwa tabia yake ya kupanda juu ya kitanda na kutoa matangazo ya uongo kwa sauti ya mwalimu wa zamu: mtihani umeahirishwa, maji yamekatika, kila mwenye soksi nyekundu aripoti jikoni. Ajabu ni kwamba watu waliripoti. Mpishi mkuu aliwahi kukuta foleni ya soksi nyekundu mlangoni na hakujua aipe nini. Likizo ilipofika, jina likamfuata mpaka nyumbani kwa mjomba, walikokuwa wanakaa yeye na dada yake.

Lakini asubuhi hiyo Mheshimiwa hakuwa na hamu ya kutangaza lolote.

Mjomba, ambaye kazi yake ni kupiga picha, alisimama katikati ya sebule akiwa na kadi ya zamani kiganjani. Aliitazama kama mtu anavyolitazama jino lake lililong'oka.

"Imenifia," alisema. "Jumamosi nimepiga vizuri, nimerudi, nimelala kidogo hapo kwenye kochi. Kuamka, kamera inaniambia kadi haisomeki. Haikuanguka, haikulowa. Imekufa tu, kama kuku aliyeshikwa na kideri."

"Pole, mjomba," Mheshimiwa alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyokusudia.

"Pole mpe dada yako. Haya, nisikilizeni. Nataka kadi imara. Halafu iwe na kasi, maana hii nayo ilikuwa inanitia adabu. Unabonyeza, yenyewe inakwambia subiri kwanza. Mwendeeni yule mama wa duka la kamera, wanamwita Daktari; alikuwa safarini, leo ndiyo amefungua. Na hii marehemu mpeni, aone kama ataweza kuzitoa picha. Bebeni na kamera yenyewe. Mimi nina watu wa picha za vitambulisho, nitawapiga kwa ile ya studio; nikiwamaliza nitawakuta huko huko."

Dada alikuwa ameshavaa viatu.

Maana picha zilizokuwa ndani ya kadi ile hazikuwa picha za kupamba ukuta. Jumamosi dada alikuwa amekimbia mita mia nne, mbio za kuchagua timu. Nafasi zilikuwa mbili. Wa kwanza alijulikana mapema, yule hakuwa na mjadala. Ya pili waliifikia wawili kwa pamoja, dada na msichana mwenye fulana ya buluu, bega kwa bega. Waamuzi wakanong'onezana, wakampa wa buluu. Kocha alikata rufaa. Kamati ikajibu: leteni picha kabla ofisi haijafungwa Jumatano, la sivyo majina yanakwenda kama yalivyo. Na mpiga picha pekee aliyekuwa amepiga goti sawasawa na mstari alikuwa mjomba.

Leo ndiyo ilikuwa Jumatano.

Sasa, kuna jambo Mheshimiwa alilijua na mjomba hakulijua. Jumamosi ile, mjomba alivyorudi amechoka, alijitupa kwenye kochi, akalala chali kinywa wazi, jino lake la dhahabu nje. Mjomba akilala, kinywa chake huwa kama mlango wa bwalo wakati wa chakula: kiko wazi, na kelele zinatoka ndani. Mtu mwenye moyo wa utani hawezi kuipita neema kama hiyo. Mheshimiwa aliichukua kamera, akasogea mpaka pumzi ya mjomba ikaupiga mkono wake, akabonyeza bila kuachia. Kra-kra-kra-kra-kra. Mpango wake ulikuwa kuichapisha picha moja tu, kubwa, na kuibandika mlangoni mwa studio katikati ya picha za maharusi.

Ghafla mjomba akakoroma vibaya na kugeuka. Mheshimiwa akashikwa na kiwewe. Alifungua kijilango cha kamera, akaichomoa kadi ili afiche ushahidi, na wakati anaichomoa aliiona taa ndogo nyekundu bado inapepesa. Aliporudisha kadi, kamera ikaandika kwamba haisomeki. Alijaribu tena. Haisomeki. Akaifuta kamera kwa fulana yake, akairudisha mezani, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa na mtu. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwashtua watu wa nyumba ile, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa na huzuni zake.

Njiani dada alitembea kama yuko mashindanoni bado.

"Dada, punguza mwendo basi. Hatushindani."

"Wewe ndiyo hushindani."

Walipita mafundi viatu, wakapita genge la mkaa, wakakata kona ya benki. Mheshimiwa alikuwa anakimbia kidogo kidogo nyuma na begi la kamera likimgonga nyonga.

"Unadhani atazitoa?" dada aliuliza bila kugeuka.

"Nani?"

"Kiranja wa bweni. Daktari, nani mwingine!"

"Atazitoa. Mungu akipenda."

Na hapo ndipo penye mwiba. Zikitoka picha za mstari, dada anakwenda timu, lakini na kinywa cha mjomba kinatoka humo humo. Zisipotoka, siri inabaki siri na dada anabaki nyumbani. Mheshimiwa alijikuta anaomba dua yenye masharti: za mstari zifufuke, zile nyingine zipumzike kwa amani. Hata yeye aliona kwamba dua ya namna hiyo haina adabu.

Duka la Daktari lilikuwa jembamba kama korido. Kioo cha kaunta kilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi ya karatasi, mikanda ya kamera ilining'inia ukutani, na feni ya mezani iligeuza shingo polepole, kama msimamizi wa mtihani. Daktari mwenyewe alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye miwani puani na miwani nyingine kichwani.

"Karibuni, wanangu! Mgonjwa yuko wapi?"

Dada akaweka kadi kwenye kaunta. "Ndani yake kuna picha tunazihitaji leo leo, mama. Na tunataka nyingine mpya. Ya kasi, na iwe imara."

"Kila mtu anataka ya kasi na imara. Hata mume nilimtaka hivyo hivyo." Alicheka peke yake, kisha akaigeuza kadi kwa ncha ya ukucha. "Haya. Marehemu alifariki kwa nini?"

Mheshimiwa akageukia mikanda ya ukutani.

"Nauliza kwa sababu humnunulii mtu viatu kabla hujaona vya zamani vimeisha upande gani. Niambieni hii ilikufaje, nami nitawaambia mchukue ipi."

"Mjomba anasema imekufa tu," dada alijibu.

"Hakuna kufa tu. Nani alikuwa nayo mara ya mwisho?"

Feni ikageuza shingo, ikamtazama Mheshimiwa. Akajikaza kisabuni.

"Maji," alisema. "Iliingia maji."

Dada akageuka. "Maji? Mjomba si amesema haikulowa?"

"Mjomba alikuwa amelala," alisema Mheshimiwa. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu asubuhi, na halikumsaidia.

"Ahaa, maji!" Daktari alivuta droo na kutoa kadi tatu, akazipanga mbele yao. Ya kwanza aliidumbukiza kwenye glasi yake ya maji ya kunywa, akaitoa, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Hii ni imara. Imemiminwa kipande kimoja, haina ungio, haina kile kijiswichi cha pembeni kinachovunjika. Ukiikanyaga utaumia wewe."

"Tuchukue hiyo," Mheshimiwa alisema haraka. Alitaka shughuli iishe. "Tena ona, ina namba kubwa kuliko zote."

"Na hiyo namba ni ya nini?" dada akauliza.

"Swali zuri. Namba kubwa ya mbele ni kasi ya kusoma, yaani kuzihamisha picha kwenda kwenye kompyuta. Kasi ya kuandika, yaani kadi inavyomeza picha kamera ikipiga, wameificha hapa chini, pembeni ya herufi V. Hii ni imara lakini inameza polepole. Wewe kijana unasoma wapi?"

"Bweni."

"Basi bwalo unalijua. Watu mia wanatoka uwanjani mbio, mlango ni mmoja mwembamba. Hata wawe na mbio za swala, watasimama nje. Picha zinasimama hivyo hivyo ndani ya kamera, na zikijaa, kamera inagoma kupiga."

"Kwa hiyo hii nyingine?" Dada aligusa ya pili, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu.

"Hiyo ni umeme. Lakini ona mgongoni, ina safu mbili za meno. Leta kamera nione." Daktari alikifungua kijilango, akachungulia kwa miwani zote mbili. "Kamera yenu ina safu moja. Mtalipa bei ya kasi na kasi msiipate. Ni kama kununua baiskeli ya watu wawili na wewe ni mjane."

Ikabaki ya tatu. Daktari hakuisifu bado. Aliirudia marehemu, akaipeleka kwenye mwanga.

"Maji gani, lakini? Ya mvua? Ya chumvi?"

Mheshimiwa alitafuta maji yoyote kichwani mwake, akayapata yale ya Jumamosi. "Ya vyombo. Yana sabuni."

"Sabuni! Ee, wanangu. Sabuni inakula shaba taratibu." Uso wa mama yule ulibadilika, utani ukamtoka. Alifungua kopo na kutoa wembe mwembamba wenye mpini. "Hii ni ya vipande viwili vilivyogundishwa. Kama sabuni imeshakaa humo, kuichomeka kwenye kompyuta ni kuiunguza. Inabidi niipasue ganda nisafishe ndani. Ikikubali, mna bahati. Ikivunjika, tumezika."

"Na kama si maji?" dada aliuliza.

"Kama si maji, kuipasua ni kuiua mara ya pili. Lakini mmesema ni maji."

Dada aliitazama saa ya ukutani. Kisha alimtazama mdogo wake, si kwa hasira, bali kama mtu anayemwomba mwenzake amshikie kitu kizito kidogo tu. "Una hakika ni maji?"

Mheshimiwa alitikisa kichwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa hapana.

"Pasua, mama," dada akasema, na akakamata ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

Wembe ukagusa ubavu wa kadi. Daktari alitafuta ungio kwa ncha, akalipata, akavuta pumzi. Mheshimiwa alikiona kipande kidogo cha plastiki kinaanza kujikunja kama ganda la karanga. Matangazo yote aliyowahi kuyatoa, hakuna hata moja lililokuwa gumu kutoka kama hili.

"Acha! Mama, acha! Si maji!"

Wembe ukasimama.

"Haikuingia maji. Niliichomoa mimi. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, nikaichomoa."

Daktari aliurudisha wembe koponi, akalifunga kopo. "Mficha maradhi," alisema, na methali iliyobaki akamwachia amalizie mwenyewe.

Dada hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Siku zote hizi unaniona ninalia chumbani. Umeniletea na chai."

"Niliitia sukari nyingi," Mheshimiwa alisema, akitazama viatu vyake.

"Kamera ya mjomba uliishikia nini?"

"Nilikuwa... najifunza kupiga."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini Mheshimiwa alikuwa ameamua kuitembea mpaka mwisho wake.

"Tutagombana baadaye," Daktari alikata. "Kama ni kuchomolewa, huyu hajafa. Amezimia. Ni kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo: habari zimo, ila kamera haijui zianzie wapi." Aliichomeka kadi kwenye kompyuta, akafungua programu yake. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini, mwendo wa konokono mwenye mawazo. "Niambie kweli, maana hili ni kubwa. Ulifuta picha yoyote ili upate nafasi?"

"Sikufuta."

Wote wawili walimtazama.

"Naapa sikufuta! Hilo tu ndilo sikulifanya."

Wakangoja. Dada alikuwa anang'ata ukucha wa kidole gumba. Mheshimiwa alianza kuhesabu mikanda ya ukutani, akapoteza hesabu, akaanza tena.

"Kwa hiyo ugonjwa sasa tumeujua," Daktari alisema ili kuupoza moyo wa duka. "Taa ilikuwa bado inawaka kwa sababu kadi inaandika kwa kujikokota. Ya kasi ingekuwa imeshamaliza kabla mkono wako haujafika. Haya, msomi, chagua."

Mheshimiwa aliigusa ile ya tatu. Haikuwa na dhahabu wala namba ya kutisha, ila pembeni ya V ilikuwa na thelathini, na mgongoni safu moja ya meno. "Hii nayo ni ya kumiminwa?"

"Kipande kimoja. Maji, vumbi, kuanguka, inavumilia. Mkono wako tu ndio siudhamini. Hakuna kiwanda kilichokwisha tengeneza kadi ya kuuvumilia huo."

"Mjomba husema haraka haraka haina baraka," dada alisema kwa sauti ya mbali.

"Hiyo ni kwa binadamu. Kadi na iharakishe."

Kompyuta ikalia. Picha zikaanza kutokea, za mwisho zikitangulia.

Ya kwanza ilikuwa shimo jeusi lenye kingo nyekundu. Ya pili ilikuwa shimo lile lile, limesogea karibu. Kwenye ya tatu kulikuwa na kitu cha waridi kimelala katikati, kinameremeta.

"Yesu na Maria," Daktari alinong'ona. "Hiki ni nini? Bomba la maji machafu?"

Dada alisogeza uso kwenye skrini. Kwenye picha ya nne, kando ya shimo, liling'aa jino la dhahabu.

Akageuka polepole. "Ulikuwa unajifunza."

Mashimo yaliendelea kushuka, mengine yana ukungu, mengine safi mno. Kila moja lilikuwa limekaa mahali palipokuwa na nafasi ya kitu kingine. Mjomba hakuwa na mwisho. Je, kama hakuna kitu nyuma yake?

Kisha skrini ikawa ya kijani. Nyasi. Chokaa nyeupe.

Ilitokea migongo ya wasichana wakiwa wameshapita, wanapunguza mwendo, mmoja ameinama. Migongo tena. Halafu, kwa kuruka, bila hatua za katikati, wakawa juu ya mstari wenyewe.

"Hapa kamera ilikwama," Daktari alisema kwa kunong'ona. "Umeona ilivyoruka? Hii ndiyo picha ya mwisho iliyowahi kumezwa kabla foleni haijajaa. Ingekwama pumzi moja kabla, mngekuwa mnatazama makalio tu." Akaikuza.

Mguu wa fulana ya buluu ulikuwa mbele. Lakini hawahesabu mguu, wanahesabu kifua, na kifua cha dada kilikuwa kimeingia juu ya chokaa, kimemtangulia mwenzake kwa upana wa kifungo cha shati. Mdomo wake ulikuwa wazi, macho yamefumbwa.

Dada alikaa chini kwenye stuli ya wateja, akafunika uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika. Mheshimiwa alitaka kumgusa, akaona mkono wake hauna haki hiyo, akaurudisha mfukoni. Daktari alikuwa ameshawasha mashine ya kuchapishia.

Karatasi ilikuwa inatoka, bado ina joto, mjomba alipoingia anapepea shati.

"Vipi, imefufuka?"

Dada alimrukia na picha mkononi. Mjomba akaipeleka kwenye mwanga, akaitazama, kisha akapiga kelele mpaka mikanda ya ukutani ikatikisika. "Si niliwaambia! Mimi mstari siukosi! Mama, umeona jicho hilo? Kimbia nayo, mwanangu, kimbia, ofisi haijafungwa!"

Dada alifika mlangoni, akasimama, akamtazama mdogo wake. "Mimi sisemi kitu," alisema. "Kazi hiyo nakuachia." Akatoka, na huko nje zikasikika nyayo zake zinachanganya mwendo.

Mjomba alisugua mikono kwa furaha. "Na zile nyingine nilizipigaje? Hebu nione." Alikalia stuli, akabonyeza kitufe. Ila alibonyeza cha upande wa pili, wa kwenda kwenye picha za mwisho.

Akakunja uso. Akabonyeza tena. Na tena.

"Hili pango nilipiga wapi?"

Daktari alipata kazi ya dharura chini ya kaunta. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

"Lina unyevu," mjomba aliendelea kwa makini ya mtaalamu. "Mwanga si mbaya, lakini. Na hapa pembeni kuna..." Ulimi wake ukatembea polepole ndani ya shavu, ukalitafuta jino la dhahabu, ukalipata.

Feni ikageuza shingo. Mheshimiwa alisimama wima kama gwarideni, mikono ubavuni, kidevu juu.

"Inatangazwa kwa heshima na taadhima," alianza, na sauti ya mwalimu wa zamu ikamtoroka katikati ya njia. Ikabaki yake mwenyewe, ndogo, yenye mikwaruzo. "Mjomba, pango ni lako. Nilikupiga ukiwa umelala. Na kadi haikufa yenyewe. Niliiua mimi."